Mkono wangu umechora uso ambao moyo wangu unaukataa

BARUA

Mama Mshauri, jambo.

Nina miaka 26, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Mchana nachora kwenye kuta za watu: saluni, vibanda vya simu, gereji za pikipiki. Usiku nachora bede, hadithi za picha. Nataka kutoa albamu moja ya kurasa 46 kuhusu mtaa wetu, kwa Kiswahili chetu. Hadi leo nina kurasa 4 zilizokwisha kutiwa wino.

Miezi mitano iliyopita, mwalimu aliyenifundisha kuchora aliniazima albamu zake za Tintin, bede za Mbelgiji Hergé kuhusu kijana mwandishi wa habari na mbwa wake, 22 kati ya 24. Wote wanaojua bede huzisifu, na mwalimu aliniagiza nisiguse wino tena mpaka nizimalize. Nimeshasoma 15. Nazisoma polepole, karatasi ya kunakilia iko mkononi, kama fundi anayefungua injini ambayo hakuitengeneza yeye.

Mama, ufundi uliomo ni wa kweli. Mstari ni mmoja, mweusi, unene wake haubadiliki kuanzia ukingo wa kikombe hadi mlima. Hakuna vivuli vya kuficha makosa. Anayekimbia anakimbia kuelekea kulia, kwa hiyo jicho linamfuata hadi kisanduku kinachofuata, na kisanduku cha mwisho wa ukurasa kinakuacha na swali. Katika ile ya Tibet kuna mahali Tintin anasinzia hotelini huku akicheza sataranji, anaota rafiki yake yuko katika theluji, anapiga kelele kwa jina lake: "Tchang!" Ukumbi mzima unaruka. Vipande vya sataranji viko hewani, kila mgeni ameshtuka kwa namna yake. Kisanduku hicho nimekinakili mara sita na bado sijakimaliza kukisoma.

Lakini nilisoma pia ya pili, ile ya Kongo. Najua ni ya zamani. Nilikaza moyo. Gari la Tintin linagongana na treni yetu, na treni ndiyo inayoanguka kama kopo. Watu wetu wanasita kuiinua, mpaka mbwa anawaita wavivu. Darasani anauliza mbili na mbili ni ngapi, hakuna anayejibu. Ukurasa wa mwisho, kijijini mtu amepiga magoti mbele ya sanamu yake na ya mbwa wake. Nilichukua karatasi nikafunika nguo za wale wanaume wa treni, nibaki na nyuso tu, nione kama nitawatofautisha. Sikuweza. Wazungu wa albamu hiyo hiyo, hata wa kisanduku kimoja, kila mmoja ana pua yake.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonileta kwako ni hiki. Katika ukurasa wangu wa 4 nilimchora nkambo wangu, mama wa mama yangu, anayeuza unga sokoni. Ameshika meka, anapima. Mimi sina rangi, nina wino mweusi tu, basi nikaujaza uso wino, nikaacha macho na mdomo. Nikampelekea aone. Alishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama sana, akaniuliza: "Huyu mama ni nani?"

Nilirudi nyumbani nikaweka ukurasa ule kando ya albamu ya pili. Mama, ni mdomo ule ule. Mkono wangu ulijifunza bila kuniuliza.

Sasa mwalimu anaandaa mafunzo ya watoto 12, wa miaka 10 hadi 13, Jumamosi tatu. Anataka nifundishe mimi. Zoezi la kwanza ni kunakili nyuso kutoka albamu ya Kongo, kwa sababu anasema hiyo ndiyo inayotuhusu. Fotokopi ameshatoa. Atanilipa dola 20 kila Jumamosi, na pesa hizo ni kodi yangu ya nyumba. Rafiki yangu mmoja anasema nirudishe sanduku zima na nisifungue tena. Mwalimu anasema nichukue ufundi, mengine niyaache. Na mimi, kwa aibu nakwambia, bado natamani kusoma zile 7 zilizobaki.

Nirudishe? Niendelee? Nimwambie nini mwalimu, mtu aliyenipa penseli yangu ya kwanza? Na mkono ukishajifunza kitu kibaya, unaweza kukisahau?

Mwenye Wino, Katuba

JIBU

Mwanangu Mwenye Wino, jambo sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale nkambo alipoishika karatasi kwa mikono miwili. Umeleta mambo manne yaliyofungwa fundo moja: unazipenda hadithi zinazokuumiza, umegundua maumivu hayo yamepita mkononi mwako, mtu unayemheshimu anakuomba uyapitishe kwa watoto, na kodi ya nyumba iko katikati. Ukivuta uzi mmoja kwa nguvu, mingine inakaza. Tulegeze taratibu, na naomba tuanze na mkono, kwa sababu naona ndio unaouogopa kuliko yote.

Unaamini mkono wako umekusaliti. Mimi nataka kwanza tuutazame kifundi. Umeandika jambo kubwa kama mtu anayepita njia: huna rangi, una wino mweusi tu, basi ukaujaza uso. Hapo ndipo pua ya nkambo ilipopotea. Mtindo huo unaoupenda, wenyewe wanauita ligne claire, mstari wazi, unategemea mstari mweusi juu ya kitu cheupe au chenye rangi nyepesi. Uso wote unasimama juu ya mistari michache: ukingo wa pua, mkunjo wa shavu, nyusi, kidevu. Ukishaujaza uso wino, mistari hiyo yote inazama, kwa sababu mweusi hauonekani juu ya mweusi. Kinachobaki ni ulichokiacha cheupe. Uliacha macho na mdomo, basi uso ukawa macho na mdomo. Yeyote atakayejaza hivyo, hata kama hajawahi kuona albamu ile, atafika karibu na hapo ulipofika.

Sisemi albamu haina hatia. Aliyechora mwaka 1930 aliona matokeo hayo akaridhika nayo, na hata toleo la rangi lilipotoka, wakati rangi ya kahawia ilikuwepo na nafasi ya kurekebisha ilikuwepo, nyuso zilibaki sura moja. Wewe uliona ukashtuka usiku ule ule. Mshtuko huo unauhitaji kazini.

Basi ukurasa wa 4 unaweza kuurudia kwa njia mbili au tatu, uchague. Ya kwanza: acha ngozi iwe nyeupe ya karatasi, utie mstari tu. Msomaji atamjua nkambo kwa nywele, kwa kitambaa alivyokifunga, kwa pua, kwa namna anavyoinama juu ya gunia. Hatari yake ni kwamba ukichoka utaanza kuchora nyuso za kizungu bila kujua, kwa sababu ndizo ulizonakili miezi mitano. Ya pili: wino uliopunguzwa kwa maji, tone 1 la wino kwa matone 8 ya maji, upakwe kwa brashi laini juu ya mstari uliokwisha kauka. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 itajikunja na kufanya mawimbi. Tafuta ya gramu 180 au zaidi. Na ujaribu wino wako kwanza: chora mstari kwenye kipande cha karatasi, uache ukauke vizuri, kisha upitishe kidole chenye maji. Ukiyeyuka, wino huo haufai kwa njia hii, utakuharibia ukurasa mzima kwa dakika moja.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, nakwambia wazi. Jaza uso kwa vimistari vyembamba vinavyofuata umbo lake: vizunguke shavu, vishuke na pua, visimame kabla ya ukingo wa mdomo. Nafasi ya milimita 1 kati ya mstari na mstari, isiwe chini ya hapo, la sivyo fotokopi itavigeuza kuwa doa jeusi na utarudi ulikotoka. Mdomo wenyewe usiuache kama tundu jeupe. Upe rangi ile ile ya uso, chora mstari mmoja tu pale midomo miwili inapokutana, na kivuli kifupi chini ya mdomo wa chini.

Utaniambia hiyo si ligne claire tena. Ni kweli. Lakini sikiliza jambo la mji wako mwenyewe. Mwaka 1946, Tintin ya Kongo ilipotolewa upya kwa rangi huko Ubelgiji, hapa, wakati huo ukiitwa Élisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Aliwakataza wasinakili picha za Ulaya. Humo alikuwemo Mwenze Kibwanga, aliyejenga watu na wanyama kwa vimistari vilivyopangwa sambamba kama mkeka. Alikuwemo Pili Pili Mulongoy na samaki na ndege wake, na Bela aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Karakana ile nayo ilikuwa ya Mzungu, wakati wa ukoloni, na ina maswali yake. Lakini ukitafuta namna ya kuijaza ngozi bila kuizamisha, jibu moja lilikwisha kupatikana hapa, miaka 80 hivi iliyopita. Wewe uliambiwa usome albamu 22 kabla ya kugusa wino. Hukuambiwa umtazame Mwenze. Hilo nalo ni la kufikiria.

Na hadithi iliyopangwa kwa picha, yenye maandishi ndani yake, pia imo mjini mwetu. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa hapa hapa, mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yetu katika picha zaidi ya 100, na kuieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Katika picha zake Mbelgiji yupo, na mjeledi upo, na anayetazama ni sisi.

Sasa tuje kwenye sanduku la mwalimu. Wewe na rafiki yako mnalizungumzia kama kitu kimoja: kulipenda au kulirudisha. Mimi naona limechukua mtu mmoja kwa karibu nusu karne, akibadilika na pengine asibadilike. Hergé alizaliwa mwaka 1907. Kongo aliianza mwaka 1930, akiwa na miaka 23, kwa ajili ya kiongezo cha watoto cha gazeti la Kikatoliki lililokuwa likiutetea ukoloni waziwazi. Hakuwahi kukanyaga nchi yetu. Alichojua alikitoa katika makumbusho ya Kongo huko Tervuren, Ubelgiji, na katika midomo ya watu waliomzunguka, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba alichora dhana za mazingira yake. Hata lile somo la hesabu uliloliona ni marekebisho ya 1946. Kabla ya hapo, Tintin alisimama ubaoni akawaambia watoto wetu atawafundisha kuhusu nchi yao, Ubelgiji.

Miaka minne baada ya kuianza ile ya Kongo, alikuwa anajiandaa kuipeleka hadithi yake Uchina. Hapo alikutana Brussels na mwanafunzi wa uchongaji, Zhang Chongren, kijana wa rika lake. Zhang alimfundisha namna ya kushika brashi, akamweleza nchi yake, akaandika kwa mkono wake Kichina cha kweli kwenye mabango ya barabarani. Ndiyo maana katika The Blue Lotus, ile albamu ya Uchina, kuna ukurasa ambapo Tintin na Tchang, mhusika aliyepewa jina la Zhang, wanacheka pamoja uongo ambao watu wao huambizana kuhusu wengine. Yule Tchang anayeitwa katika usingizi wa Tibet, katika kisanduku chako cha mara sita, ni yeye. Walipotezana, na hawakuonana tena hadi mwaka 1981, Hergé akiwa amebakiza miaka miwili ya kuishi.

Kwa hiyo mstari unaoupenda na uso unaokuumiza vimetoka kwenye mkono mmoja. Tofauti ninayoiona ni kwamba kwa Uchina palikuwa na mtu mezani wa kumwambia "hapana, sivyo tulivyo." Kwa Kongo hakuwepo. Lakini usiende mbali na faraja hiyo pia. Katika albamu ile ile ya Uchina, Wajapani wamechorwa meno nje. Mwaka 1942, Ubelgiji ikiwa chini ya Wajerumani, alimchora tajiri mbaya mwenye sura na jina la Kiyahudi, akalibadilisha jina baadaye. Na katika zile 7 zilizobaki, kama hujaifikia, utakuta ya mwaka 1958 yenye mahujaji wa Kiafrika wanaodanganywa na kuuzwa utumwani. Humo Kapteni Haddock, rafiki wa Tintin, anawatetea kwa moyo wote, na wao wanaongea Kifaransa cha kitoto. Lugha yao ilirekebishwa miaka ya 1960 baada ya kulaumiwa. Nakwambia mapema ili usidhani maumivu yaliisha kwenye albamu ya pili.

Je, urudishe sanduku? Unaweza, na hakuna atakayekuwa na haki ya kukuita mjinga. Utapata utulivu, utapata usiku wako. Hatari yake ni kwamba mkono umeshapokea ulichopokea, na ukiacha kutazama chanzo, hutajua lini kinajitokeza tena. Unaweza pia kuendelea kwa kuruka zinazouma. Wengi hufanya hivyo na wanaishi vizuri. Ila mchoraji si msomaji tu. Unaporuka ukurasa huoni ulivyojengwa, na uliyoyagundua kwa kufunika nguo za wale wanaume wa treni usingeyagundua. Au unaweza kuzimaliza zote 7 kwa jicho hilo hilo la karatasi ya kufunikia, ukiandika pembeni kila mara unapojisikia kukazwa kifua: nini hasa, mstari upi, neno lipi. Hii inachosha. Kuna siku utakuwa umechoka na kazi za ukutani na hutataka kutukanwa na kitabu saa nne usiku. Siku hiyo kiache.

Wapo wachoraji waliochukua njia nyingine, wakageuza safari. Mongo Sisé, aliyechora Mata Mata na Pili Pili miaka ya 1970, baadaye alimtoa mhusika wake Bingo kijijini akampeleka mjini, kisha akampeleka Ubelgiji, Mkongo akiwatazama wao. Ukivutiwa na njia ya kujibu, fahamu mambo mawili. Tintin mwenyewe huwezi kumchora na kumuuza. Ulaya haki zake zinalindwa hadi mwisho wa 2053, na wanaozishika hawalali. La pili, jibu humtegemea aliyesema kwanza. Albamu yako ya kurasa 46 ulianza kwa mtaa wako, si kwa yule mgeni. Angalia asije akawa mhusika mkuu wako bila kuchorwa.

Kuhusu rafiki yako anayesema rudisha: hayuko peke yake. Mkongo mwenzetu Bienvenu Mbutu Mondondo alipeleka albamu hiyo mahakamani Brussels mwaka 2007. Mwaka 2012 mahakama ilikataa kuizuia, ikisema nia ya kubagua haikuthibitika. Watu wazima wenye mawakili walibishana miaka mitano. Ndiyo maana nasita sana kuiweka mbele ya mtoto wa miaka 10 kama zoezi la kwanza.

Na hapa nazungumza kwa uzito zaidi, maana mambo yako mwenyewe utayabeba, lakini watoto 12 hawajaombwa ruhusa. Kunakili ni njia ya kuingiza kitu mkononi. Ndiyo sababu mwalimu anakuagiza unakili, na ndiyo sababu ukurasa wako wa 4 ulitoka vile. Mtoto akinakili uso ule mara tano, utakaa. Halafu kuna jambo ambalo kila aliyewahi kusoma masomo ya msingi hapa analijua: karatasi zikishazunguka, mtoto mmoja ataonyesha picha kisha atamwonyesha mwenzake mwenye ngozi nyeusi kuliko wote, na kufikia Jumatatu jina limeshapatikana. Jina hilo halifutiki kwa gomu.

Lakini umeshaamua kwamba mwalimu hajali, na mimi sina hakika. Yawezekana alizisoma utotoni, na utotoni mtu hujiweka mahali pa shujaa, si mahali pa wanaobeba treni. Yawezekana hajaifungua albamu hiyo miaka 20. Amekupa penseli ya kwanza. Mpe nafasi ya kuona. Usimwendee mbele ya watu, wala usimtumie ujumbe kwenye simu. Nenda nyumbani kwake siku tatu au nne kabla ya Jumamosi ya kwanza. Usibebe hotuba, beba karatasi mbili: ukurasa wako wa 4 na fotokopi yake. Ziweke mezani, useme kitu kama: "Mwalimu, samahani. Huyu ni nkambo, nilimchora mimi baada ya kusoma ulichonipa. Yeye mwenyewe hakujitambua. Naomba unisaidie, nifundishe watoto nini?" Kisha unyamaze. Mzee akiombwa msaada ana mahali pa kusimama, akishitakiwa, hana.

Uende na zoezi la badala, lililokamilika, ili asibaki na shimo kwenye ratiba yake. Kwa mfano hili, la saa mbili. Watoto 12 wanakaa wawili wawili, wakitazamana. Kila mmoja anamchora mwenzake kwa dakika 10, penseli ya 2B, bila gomu. Wanabadilishana wenzao, wanarudia, mara tatu. Michoro 36 inatandikwa sakafuni bila majina, na watoto wanatafuta kila uso ni wa nani. Pale wanaposhindwa, unauliza: kimepotea nini? Pua? Sikio? Mahali nywele zinapoanzia? Mchoraji anarudi kwa mwenzake, anatazama tena, anaongeza hicho kimoja tu. Mtoto atajifunza mstari wazi pale pale, kwa sababu bila gomu analazimika kufikiri kabla ya kuuvuta. Na ukitaka ufundi wa Hergé hasa, wape karatasi ya kunakilia Jumamosi ya pili: yeye alichora penseli juu ya penseli mpaka karatasi ikachoka, kisha akachagua mstari mmoja ulio hai na kuuhamisha kwenye karatasi safi. Hilo linafundishika bila uso wa mtu yeyote.

Albamu ya Kongo yenyewe inaweza kuingia Jumamosi ya tatu, kama mwalimu anaitaka sana, kwa visanduku viwili tu vilivyowekwa kando kwa kando, kimoja cha Kongo na kimoja cha Uchina, na swali moja: mchoraji huyu alimtazama nani kwa macho yake? Wakati huo watoto watakuwa wameshatazamana wenyewe mara nyingi, watakuwa na la kusema. Hata hivyo, mmoja wao akikunja uso au akinyamaza ghafla, funga kitabu. Na kama huna uhakika kwamba utaweza kulishika darasa likianza kucheka, usikifungue kabisa.

Mwalimu anaweza kukataa yote haya. Nakuomba ulifikirie hilo kabla hujafika mlangoni kwake, kwa hesabu kamili. Dola 60 ni pesa. Ukijiondoa, zitatoka wapi, kuta mbili za saluni? Ukibaki na kufundisha zoezi lake, utalala vipi? Ukibaki na kulibadilisha kimyakimya darasani, atajua, maana watoto husema nyumbani, na hapo utakuwa umepoteza pesa na imani pamoja. Kila njia hapo ina bei na mimi siwezi kukuchagulia. Wewe ndiye unayemjua mzee huyo na mwenye nyumba wako.

Umeniuliza kama mkono unaweza kusahau. Ninavyoelewa, haufuti, unafunikwa na kitu kingine ulichokifanya mara nyingi zaidi. Miezi mitano umenakili karatasi. Chukua daftari dogo uende sokoni kwa nkambo, asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi. Usimwambie akae, mwache apime unga. Siku ya kwanza chora mikono tu: vidole vinavyoshika ukingo wa meka, kiganja kinachosawazisha unga juu yake, dakika 5 kila mchoro, michoro 10. Siku ya pili kichwa kwa upande, ambako pua haiwezi kujificha. Siku ya tatu mbele. Kisha ndipo utie wino ukurasa wa 4 upya, kwa vimistari au kwa maji, ujaribu vyote viwili kwenye karatasi tofauti.

Ukimaliza mpelekee. Usimweleze chochote, mwache aishike kwa mikono yake miwili, na wewe ungoje atakachosema.